Saa ya Baba Niliyoiharibu kwa Faranga 680

Mama aliitoa kabatini, ndani ya kopo la Blue Band, imeviringishwa kwenye leso. Ilikuwa Januari 2015, tumemaliza arobaini ya baba siku tatu tu nyuma, na kesho yake nilikuwa na safari ya kurudi Uswisi. "Chukua wewe," akasema, "si unaishi huko zinakotoka." Tangu msiba alikuwa akiitia ufunguo kila asubuhi baada ya kuswali, kwa hiyo niliipokea ikiwa inakwenda.

Omega ya chuma cha pua, nyembamba, ya kutia ufunguo kwa mkono. Uso wake zamani ulikuwa mweupe. Sasa ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Sekunde zilikuwa na mshale wao mdogo ndani ya kiduara kule chini, na karibu na alama ya 4 palikuwa na doa la kahawia, kubwa kama punje ya mtama. Baba alikuwa karani bandarini Tanga. Doa lile ni maji ya bahari, ya siku alipoteleza kwenye ngazi za gati. Sisi watoto tulikua na hadithi hiyo.

Nilitazama simu, nikaona saa imepishana nayo kwa saa sita kamili, nikairekebisha palepale bila kufikiri. Ndani ya ndege ndipo nilipokumbuka kwamba haikuwa imekosea. Baba alitega saa yake kwa saa za Kiswahili: saa moja asubuhi mshale wake ulikuwa kwenye 1, si kwenye 7. Alikuwa akitucheka sisi wengine tunaotazama saba na kutamka moja.

Ninaishi Biel, au Bienne kwa wanaozungumza Kifaransa, mji ambao Omega imekuwapo tangu 1880. Ni muuguzi katika nyumba ya wazee. Kwa miaka sita nilipita mbele ya viwanda vya saa nikienda kazini bila hata kugeuza shingo. Baada ya saa ya baba nimenunua nyingine 23, karibu zote za kati ya 1945 na 1965, zile nyembamba zilizovaliwa na suti. Zimebaki sita. Daftari langu linasema nimetoa faranga 11,400 na kurudisha 6,900 kwa kuuza. Tofauti hiyo ndiyo ada niliyolipa, na ninaandika ili mwingine alipe pungufu.

Kosa la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, na nililifanya kabla sijajua kwamba nitakuja kukusanya saa. Niliipeleka saa ya baba kwenye duka moja lenye kaunta ya kioo na maua. Nilichotaka ni isafishwe tu, itiwe mafuta. Muuzaji akaitazama, akasikitika kama daktari mwenye majibu mabaya, akasema uso umekufa, ila wao wanaweza kuurudisha ulivyokuwa siku saa ilipotoka kiwandani. Na kasha wangelisugua hadi mikwaruzo yote itoke. Ufundi 320, uso 240, kung'arisha 120. Nikakubali, tena nikashukuru.

Wiki sita baadaye nikakabidhiwa saa mpya. Sitadanganya: niliipenda. Nyeupe pe, inametameta. Kazini haturuhusiwi kuvaa kitu mkononi, nikaiweka mfukoni ili niwaonyeshe wenzangu wakati wa chai.

Ghorofa ya pili alikuwako bibi wa miaka 87 aliyefanya kazi ya saa maisha yake yote. Alikuwa régleuse, ndivyo walivyoitwa wanawake waliofunga ule waya mwembamba kama unywele unaojikunja na kujikunjua ndani ya saa, wakaurekebisha hadi saa isiwahi wala isichelewe. Ilikuwa kazi ya wanawake, aliniambia, kwa sababu wanaume walisemekana hawana subira nayo, na kwa sababu mwanamke alilipwa kidogo. Nilimpa saa nikitegemea sifa. Akatoa lenzi ya fundi kwenye droo ya leso zake, akaibana jichoni bila kuishika kwa mkono, akanyamaza.

Kisha akaniita nisogee. Chini kabisa ya uso, chini ya kiduara cha sekunde, Omega za miaka ile ziliandikwa Swiss Made kwa herufi ndogo sana. Yangu haikuwa na kitu. Herufi za jina zilikuwa zimevimba kingo, kama wanja uliopakwa gizani. Vistari vya dakika havikulingana na alama za saa zilizoinuka. Kimoja kilikuwa kimehamia kando ya alama ya 8. Akaigeuza ubavu. Pembe nne zinazoshika mkanda hutoka kiwandani na ukingo mkali, mstari unaotenganisha sehemu inayong'aa na sehemu iliyoparuzwa kwa makusudi. Zangu zilikuwa zimelainika kama sabuni ya wiki mbili.

"Mashine ni nzima," akasema. "Lakini huu ni uso wa nani?"

Nilirudi dukani kuuliza uso wa zamani uko wapi. Hapakuwa na uso wa zamani. Kibati kilikuwa kilekile. Rangi ndiyo iliyokwanguliwa hadi kwenye chuma, doa likaondoka nayo, ikapakwa nyingine juu. Wala hawakuniibia. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi niliyotia sahihi. Sikuisoma.

Desemba nikaenda nyumbani. Mama akaipokea, akapitisha kidole gumba juu ya kioo pale kwenye alama ya 4, akarudia, kama mtu anayepapasa swichi gizani. "Mmeibadilisha," akasema. Nikamweleza kwamba ni ileile, imesafishwa tu. Akanirudishia mkononi.

"Haya."

Hiyo "haya" ndiyo iliyonitia kwenye kukusanya saa. Nilitaka nipate uso mwingine wa aina ileile, mzee kama ule, niurudishe mahali pake. Namba iliyochorwa kwenye mashine ya baba ilianzia milioni 16, maana yake ilitengenezwa karibu na 1958. Mashine yenyewe ni kaliba 267, yaani aina yake, ya ukoo wa mashine za mm 30 ulioanza 1939. Bibi alinifundisha kuandika mambo hayo mawili kwenye karatasi, pamoja na namba iliyogongwa ndani ya mfuniko wa nyuma, kabla ya kutafuta chochote. Mtu asiye na namba hizo hununua sura.

Na mimi nilinunua sura. Ya kwanza niliichukua mtandaoni saa nane za usiku, nimetoka zamu, faranga 180. Uso mwekundu na mweusi, unang'aa kama gari la harusi, na maelezo yakisema ni ya 1955 na haijaguswa. Nauli ya posta 35. Kisha ikaja VAT, kisha msafirishaji naye akadai ada yake ya uwakala mpakani. Ilinifikia kwa 250 na ushee. Bibi aliitazama akacheka mpaka mwenzangu wa zamu akaja kuona kuna nini. Mashine ya kiwanda kimoja, jina usoni la kingine, mishale ya cha tatu. Wakusanyaji huziita saa za Mumbai, kwa kuwa nyingi hutokea huko. Mimi siidharau kazi ile. India ilikuwa soko kubwa la Waswisi, saa za Favre-Leuba na West End ziliuzwa huko miaka na miaka, na mafundi wake wanafufua vitu ambavyo Ulaya ingevitupa jalalani. Ugomvi wangu ni na yule anayeandika "haijaguswa". Saa ninayo bado. Mwanangu anaipenda kuliko zote.

Tangu hapo nina sharti moja lisilovunjwa: bila picha ya mashine sinunui. Muuzaji akisema hana kifaa cha kufungulia mfuniko, basi nailipia kama saa mbovu, au naiacha. Sharti la pili ni la uvivu kuliko linavyosikika: tafuta picha kumi za saa yenye namba ileile ya mfuniko, ziweke pamoja, tazama herufi tu. Usitazame saa, tazama herufi. Baada ya jioni mbili tatu jicho linaanza kukereka lenyewe likiona uso uliopakwa upya. Doa, ukungu, rangi iliyogeuka kama karatasi ya zamani, hivyo vyote sasa navilipia. Usafi kupita kiasi kwenye kitu cha miaka sitini unanitia shaka.

(Tahadhari ndogo kwetu tunaosema Kiswahili. Wazungu wakieleza kwamba kiduara cha sekunde kiko "saa sita" wanamaanisha chini. Mwambie hivyo fundi wa Tanga atatazama juu kabisa. Ndiyo maana hapa naandika namba kama zilivyo usoni.)

Kisha nikapunguza simu nikaanza kuamka mapema. Geneva kuna soko la vitu vikuukuu uwanja wa Plainpalais kila Jumatano na Jumamosi. Basel wanakutana Petersplatz Jumamosi. Ni mitumba tu, na aliyezoea kuchambua mitumba kwetu ana nusu ya elimu inayohitajika: fika wauzaji wanapopanga, usishangilie ulichokiona, shika kwanza kitu usichokitaka. Nilibeba tochi, pesa taslimu na lenzi inayokuza mara kumi. Lenzi ilinigharimu. Kila nilipoitoa bei ilipanda, kwa sababu muuzaji alidhani najua zaidi yake. Mwingine aliniuliza namnunulia bosi yupi. Siku hizi natazama kwa macho, nauliza bei, tunakubaliana, ndipo natoa lenzi. Nikiona kasoro nashuka kutoka hapo.

Plainpalais ndipo nilipopata Longines, kwenye sanduku la uma na vijiko, faranga 140. Haikuwa na mkanda, na kioo kilikuwa cheupe kwa mikwaruzo. Kioo cha miaka ile ni plastiki, kwa hiyo mikwaruzo isikutishe: dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa cha pamba, dakika kumi, kinarudi. Chini ya ukungu ule kulikuwa na uso ambao hakuna aliyeugusa, na ndani mashine yao ya kaliba 30L. Nikawaandikia wenyewe Saint-Imier, kijiji ambako kiwanda kilijengwa kwenye malisho yaliyoitwa Les Longines, ndiko jina lilikotoka. Wana madaftari ya miaka zaidi ya mia. Nilituma namba ya mashine na picha, wakanijibu bure: iliuzwa kwa wakala wao wa Uhispania mwaka 1957. Jibu hilo nililisoma mara nyingi kuliko barua yangu ya kuajiriwa.

Furaha ile ilinifundisha hesabu vibaya. Nilidhani nimepata saa ya 140. Fundi akachukua 310 kuifungua yote, kuiosha na kuitia mafuta, mkanda 45. Kwa hiyo ni saa ya 495, na hiyo ndiyo bei yake halali kabisa kwa muuzaji mwaminifu mwenye duka. Kila bei uionayo sokoni, ongeza faranga 300 kichwani, isipokuwa muuzaji ana risiti ya fundi. Neno "inakwenda" halina thamani yoyote. Saa iliyokauka mafuta inakwenda vizuri tu, huku ekseli zake zikisagika.

Hapo uuguzi ulinisaidia. Mashine nyingi za miaka hiyo hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani 300 kwa dakika, tano kwa kila sekunde. Kuna programu za simu zinazosikiliza mapigo hayo na kukuambia saa inawahi au inachelewa sekunde ngapi kwa siku. Mimi napima ikiwa imelala chali na ikiwa imesimama wima, kama tunavyompima mgonjwa presha akiwa amelala na akiwa amesimama. Zikitofautiana sana kuna jambo. Na ikiwa ghafla inawahi dakika nyingi kwa siku, usikimbilie kwa fundi: mara nyingi imeshika sumaku, kutokana na spika au kifuniko cha tableti. Kidude cha kuondoa sumaku hakifiki faranga 20. Sikujua hilo, nikalipa 90 kwa fundi aliyeifanya kazi hiyo mbele yangu kwa sekunde tatu.

Dhahabu niliiogopa, na niliifuata hata hivyo. Kwenye mnada mmoja wa mtandaoni maelezo yalisema "kasha la rangi ya dhahabu", nami nikasoma dhahabu. Ilikuwa rangi. Ndani ya mfuniko palikuwa pamegongwa mikroni 20, yaani ni ya kuchovya. Dhahabu ya Uswisi ya zamani huthibitishwa kwa mihuri midogo ya serikali: kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa karati 18, na kindi kwa karati 14. Hutaiona bila lenzi. Lakini hata muhuri halali haumalizi kazi. Dhahabu ilipofika dola 850 kwa aunsi Januari 1980, makasha mengi yaliyeyushwa na mashine zikabaki uchi kwenye mabakuli ya mafundi. Baadhi zilivishwa baadaye makasha mapya yasiyo yao. Mashine ya ukweli, uso wa ukweli, kasha la juzi. Ndiyo sababu ya ile karatasi ya namba: kasha na mashine lazima vikubaliane.

Jambo jingine halihusu pesa. Saa zenye vidoto vinavyong'aa gizani, zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960, mara nyingi zina radiamu. Ikiwa imefungwa, iache imefungwa. Kuifungua mezani pa chakula na kupangusa ule unga kwa kidole, usifanye. Huku Bienne hili si hadithi. Wanawake walipaka rangi ile hata majumbani mwao, kwa malipo ya kila kipande, na mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kupima nyumba za miji ya saa na kuzisafisha zilizokutwa na mabaki. Bibi alimkumbuka jirani yake aliyefanya kazi hiyo jikoni. Hakuendelea, nami sikumuuliza.

Kuhusu kazi yake mwenyewe aliongea zaidi. Seiko ilitoa saa ya mkononi ya quartz, yaani ya betri, Desemba 1969, na yeye anasema kiwandani kwao waliicheka kwa sababu ilikuwa ghali mno. Mwaka 1970 tasnia ya saa ya Uswisi iliajiri watu wapatao 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa karibu 30,000. Yeye aliondoka na kundi la 1976. Siku ya mwisho waliambiwa kila mtu asafishe meza yake, wakamwaga spea kwenye ndoo. Ndoo nzima ya magurudumu, anasema, kama mchele. Nikitafuta leo ekseli moja ya faranga 60 kwa mashine iliyotengenezwa kwa maelfu, nafikiria ile ndoo.

Spea ndizo zilizonimaliza kwenye Polerouter. Nakiri niliinunua kwa ajili ya hadithi: kiwanda cha Universal Genève, 1954, shirika la ndege la SAS linaanza safari za kupitia ncha ya kaskazini kutoka Copenhagen hadi Los Angeles, na kijana wa miaka 23, Gérald Genta, anachora saa ya safari hizo. Yangu ilikuwa na mashine ya kujijaza yenyewe, na kile kizito kinachozunguka mkono ukitikisika ni kidogo, kimezamishwa ndani ya mashine badala ya kukaa juu, ndiyo maana ni nyembamba. Nililipa 900. Kizito kilikuwa kinakwaruza. Mafundi wawili waliikataa, wa tatu alikaa nayo miezi mitano na kunidai 520. Kama ndio unaanza, chukua saa ya kutia ufunguo, ya jina lililotengeneza mashine kwa wingi: Omega, Longines, Tissot, Zenith. Waachie wengine maajabu.

Wiki ileile ya zile 900, mdogo wangu alinipigia. "Dada, ada ya mtoto imekwama, shule wamempa hadi Ijumaa." Nikamwambia mwezi huu nimebanwa. Halikuwa neno la uongo na halikuwa la kweli. Saa ilikuwa mbele yangu mezani, kwenye karatasi ya viputo. Nilituma hela siku nne baadaye kwa kutumia kadi ya mkopo, na kwa mara ya kwanza nilijumlisha daftari lote kuanzia juu. Jumla sikuwahi kuitamka kwa sauti hadi leo. Kuanzia hapo saa haiingii mpaka nyingine itoke, na hela ya kununulia ni ile tu iliyotokana na kuuza. Nimeuza kwa hasara kuliko kwa faida. Anayekuambia hizi ni uwekezaji muulize aliuza ngapi mwaka jana, na baada ya kumlipa fundi alibaki na nini.

Wanaoishi pwani wana lao. Saa hizi hazikutengenezwa kupambana na Tanga ya Machi. Ziliandikwa kwamba haziingizi maji siku zilipokuwa na raba mpya. Raba hizo zimegeuka lami. Jasho na chumvi hupita kwenye kitufe cha kutilia ufunguo, na saa ya kuchovya huanza kutoboka hapo ubavuni na kwenye pembe. Pwani chukua chuma cha pua. Mkanda wa ngozi unaoza kwa miezi, vaa wa kitambaa. Usiivae ukipika, wala kwenye bodaboda wakati wa mvua. Ukirudi ivue, ipanguse, iweke kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Nikikumbuka, mama na kopo lake la Blue Band alikuwa amekwisha kufika huko peke yake. Na yule fundi wa meza ya kioo kandokando ya barabara usimpite: wengine wamezishika saa hizi miaka arobaini. Muulize tu anasafishia nini. Akijibu petroli, na huku chupa iko wazi, muage kwa adabu.

Bibi alifariki 2019. Lenzi yake ilichukuliwa na mjukuu wake, na ndivyo ilivyostahili.

Ule uso niliupata Novemba 2021, La Chaux-de-Fonds, kwenye soko la wauza saa linalofanyika katika jumba la makumbusho la saa, MIH. Ulikuwa peke yake kwenye mfuko wa plastiki: aina ileile, rangi ileile ya chai ya maziwa, Swiss Made mahali pake. Faranga 240, bei ileile niliyolipa kuufuta wa kwanza. Fundi wangu alikuwa tayari kuubadilisha siku hiyohiyo. Niliuweka kwenye kopo la vidonge nikakaa nao miezi. Una doa, tena zuri, ila liko upande wa 10, na ni doa la mtu mwingine. Bado umo koponi.

Saa ya baba niliirudisha Tanga mwaka uliofuata na sura yake ya kupakwa. Nilimkuta mama anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaipokea. Safari hii hakupapasa kioo. Akaitia ufunguo taratibu huku midomo ikihesabu, akaniuliza saa ngapi.

"Saa nne na robo, mama."

Akavuta kitufe, akazungusha mishale hadi ule mfupi ukapita kidogo kwenye 4, akakirudisha, akaivaa. Mkanda ulikuwa mkubwa kwake mno, akausukuma hadi karibu na kiwiko, akarudi kwenye mchele wake. Nikienda tena nitampelekea mwingine, wa kitambaa, mfupi, upana mm 18.